Bustani bila samadi: ninavyolima mboga Pongwe bila kinyesi, mifupa wala dagaa

Juzi shangazi yangu alikuja shambani Pongwe, hapa Tanga, kunitazama, akanikuta natokea barabarani na mzigo wa majani ya alizeti pori kichwani, akaniangalia weee halafu akasema, "Mwanangu, kwani samadi imekuwa haramu siku hizi?" Nikamwambia hapana shangazi, haramu wapi, ila shamba hili haliingii kinyesi wala mifupa wala damu wala vichwa vya dagaa, mwaka wa sita sasa, na mchicha si huo unauona. Akachuma shina moja, akaligeuza geuza, akasema basi niandikie nikajaribu kwangu Muheza. Ndo namwandikia yeye, na nyie wengine mnaoniuliza kila siku hii kitu inafanyikaje someni humu humu.

Kwanza kwa nini. Mimi sili mnyama, hilo moja, na nikikuza mboga zangu kwa damu ya machinjio naona kama sijafanya kitu. Lakini hata wewe unayekula nyama yako vizuri tu kuna sababu. Mwaka wa kwanza nilinunua samadi tripu nzima kwa mfugaji mmoja, ikaja haijaiva, imekokotwa na udongo wa bandani, na humo ndani kumbe kuna ndago kibao. Anayejua ndago anajua, unang'oa leo keshokutwa kamerudi kamesimama wima, ile kona mpaka leo bado napambana nayo. Ya kuku wa kisasa nayo inabeba dawa wanazonyweshwa kuku, na ukiiweka mbichi inaunguza miche. Halafu kuna mboga tunazokula bila kupika, kachumbari, saladi, giligilani, hizo kinyesi kibichi kikizigusa unaweza kula ugonjwa kabisa.

Sasa kitu ambacho nataka ukielewe kabla hujashika jembe ni hiki, ng'ombe hatengenezi rutuba, anaipitisha tu. Kile kinachotoka nyuma ni majani yaliyoingia mbele, na njiani kimeshapungua, kingine kimekuwa maziwa, kingine nyama, kingine kimepotea hewani kwenye banda. Samadi ya kwetu ikikauka naitrojeni yake, kile chakula cha mmea cha kukuza majani, inakuwa kama asilimia 1 hivi, ikitunzwa vizuri sana inasogea 2. Majani ya alizeti pori yakikauka yana kama asilimia 3.5 ya naitrojeni, na potasiamu kama asilimia 4, na fosforasi kidogo. Na yako pale barabarani yanaota yenyewe, njia nzima ukielekea Muheza na Korogwe maua ya njano kama alizeti, watu wanayafyeka na kuyachoma moto! Kwa hiyo kazi yetu ni kumruka ng'ombe, majani yaende kwenye udongo moja kwa moja.

Wala sio kitu nimebuni mimi. Uingereza kuna mkulima anaitwa Iain Tolhurst, yuko Oxfordshire, analima mboga za kuuza kwa mazao ya kurutubisha ardhi na mboji ya vipande vya miti, mbolea ya mnyama haigusi kabisa. Na kuna viwango vya kimataifa vya kilimo cha namna hii vinaitwa Biocyclic Vegan, mwaka 2017 vilikubaliwa kuingia kwenye orodha ya viwango vya IFOAM, lile shirikisho la dunia la kilimo hai. Wao wana baridi na jua la kuazima, sisi Tanga tuna joto mwaka mzima na mvua mbili, masika na vuli, majani yanaota mpaka kwenye paa. Ardhi ya kufanya hii kitu ni hii yetu.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza, ujue udongo wako

Chimba shimo la kina cha goti. Angalia rangi inabadilikia wapi, shika udongo wa juu, ulowanishe, ufinyange. Ukishikana kama mfinyanzi una bahati ya kushika rutuba ila maji yatasimama masika, ukimomonyoka kama sukari ni mchanga na huo ndo wengi tunao huku karibu na bahari. Kwenye mchanga mbolea ya dukani ni waja leo waondoka leo, mvua ya Aprili moja tu imeshakwenda chini mizizi haifiki. Mboji ndo inakaa.

Pongwe, Maweni, Amboni na jirani zake tuna jambo lingine, mawe ya chokaa. Udongo wa namna hiyo hauna uchachu, uko upande wa alkali, kinyume cha uchachu, kwa hiyo yale mambo ya kumwaga majivu kila wiki punguza. Majivu yanaongeza potasiamu ndio, ila pia yanapandisha huko huko kwenye chokaa, na ikipanda sana utaona majani mapya ya juu yanakuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, manake chuma kipo ardhini ila mmea hauwezi kukivuta. Mimi majivu natia kiganja kwenye biwi la mboji basi. Kama una uwezo peleka udongo ukapimwe, kituo cha utafiti cha Mlingano kiko hapo Muheza na udongo ndo kazi yao.

Kuna mtu aliniuliza kuhusu mbolea ya fosfeti ya Minjingu, kwamba si ni jiwe, si inaruhusiwa. Ni jiwe ndio, ila lile jiwe lilitokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la zamani kule Manyara. Wengine wanasema kitu cha kale hivyo kimeshakuwa mwamba, wengine hawataki. Mimi sikuhangaika sana na hilo swali manake fosfeti ya jiwe inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu, kwenye chokaa ya kwetu inakaa tu kama kokoto. Kama uko milimani Lushoto huko udongo mwekundu, utaamua mwenyewe.

Hatua ya pili, panda mbolea kabla ya mboga

Hapa ndo watu wanaharibu. Mtu anaacha samadi leo, kesho anataka mboga, mbolea ya majani hana, ananyong'onyea anarudi kulekule. Unahitaji msimu mmoja wa kujiandaa, na unahitaji kutenga sehemu ya shamba iwe ya mbolea. Mimi nina nusu eka, karibu robo yake ni ya majani tu, na sioni kama nimepoteza.

Mpakani panda miti ya glirisidia. Kata fito za unene wa mkono wa mtoto, urefu mita moja na nusu hivi, chomeka masika ikianza, umbali wa mita moja moja. Mwaka wa kwanza usiiguse, iache ijenge mizizi. Ukivuka huo mwaka unaikata kila baada ya miezi miwili mitatu, inachipua tena, na majani yake ni laini yanaoza haraka mno, wiki tatu huyaoni. Inavuta naitrojeni hewani kama kunde. Mlusina nao unafanya kazi hiyo hiyo ila usiuache uzae mbegu, utakuja kuota hadi jikoni. Alizeti pori nayo chomeka vipande kwenye kona moja mbali na matuta, lakini elewa kitu, yenyewe haivuti naitrojeni hewani, inakusanya tu kutoka chini, kwa hiyo ukiikata miaka yote bila kurudisha kitu pale ilipoota utakuwa unahamisha umaskini. Ndo maana mimi nyingi nakata barabarani.

Kisha ndani ya shamba, marejea. Jina lenyewe linakwambia, inarejesha. Sio zao la kula, ni zao la udongo, maua ya njano, inakwenda juu haraka inaziba magugu. Nyunyuzia mbegu kwenye mistari ya sentimita 30 mvua zikishika, usiifukie sana. Ikianza kutoa maua tu, miezi miwili na kidogo, fyeka. Usisubiri izae, ikishazaa mashina yanakuwa magumu kama fito na naitrojeni imeshakwenda kwenye mbegu. Unaikatakata kwa panga unaiacha juu ya udongo au unaichanganya juu juu na jembe, subiri wiki mbili ndo upande. Ukipanda siku hiyo hiyo miche inapata homa, majani yakiwa yanachacha mizizi midogo haipendi.

Anayetaka kula na kurutubisha kwa pamoja apande kunde, choroko, fiwi au mbaazi. Mbaazi naipenda kwa sababu inakaa kiangazi chote Januari na Februari wakati kila kitu kimekauka, mizizi yake iko chini sana, inadondosha majani yenyewe, na bado unapata mbaazi za nazi za asubuhi. Kwenye mahindi tia mukuna wiki ya tano hivi, sio mwanzoni, utakuta imepanda mahindi imeyalaza. Mukuna ni ndugu wa upupu ila hii ya kulimwa haiwashi. Mbegu zake msile.

Sasa sikiliza hapa. Kunde kuwepo shambani haimaanishi inafanya kazi. Mche ukiwa na wiki sita, chimba mmoja taratibu na udongo wake, usiuvute, uutikise kwenye ndoo ya maji. Utaona vinundu kwenye mizizi, kama punje za uwele zimegandana. Chukua kimoja ukipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, wekundu wa damu iliyochujuka kama nyama ya tikiti, hapo naitrojeni inavutwa. Kikiwa cheupe au kijani hakifanyi kitu, na hapo mara nyingi udongo hauna vile vijidudu vyake au maji yamesimama. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aone, tukakaa tunapasua vinundu mpaka jua likazama. Dawa ya vinundu vyeupe, nenda kwa jirani mwenye kunde nzuri za miaka yote, omba ndoo moja ya udongo wa shina, uunyunyizie kwenye mistari yako ya kupandia.

Na ukivuna, using'oe. Kata shina usawa wa ardhi, mizizi ibaki humo humo. Ukiing'oa ukaitupa pembeni na ukauza punje zote, udongo haujapata kitu hapo.

Hatua ya tatu, biwi la mboji

Watu wengi wanaamini biwi bila samadi halipati moto. Linapata, na moto mkali, ukilipa kijani cha kutosha na maji.

Vitu vikavu: mabua ya mahindi, nyasi kavu, majani ya mwembe, makuti yaliyokatwakatwa, migomba mikavu. Vibichi: glirisidia, alizeti pori, marejea, magugu ambayo hayajazaa, maganda ya machungwa (Muheza wakati wa msimu hayo yanamwagwa tu), maganda ya ndizi, na chicha ya nazi kutoka kwa mama ntilie. Chicha weka kidogo kidogo katikati ya biwi uifunike na udongo, ina mafuta, ukiirundika itavunda na kualika panya. Machungwa yakatekate, zima zima yanakaa miezi.

Taka za sokoni mimi nachukua Mgandini, ila sichoti kwenye dampo manake humo kuna magamba ya samaki, matumbo, manyoya, mifuko, kila kitu. Nimeongea na akina mama wawili wa mboga, nawapelekea salfeti asubuhi, wanatia majani ya kabichi na mchicha uliolala, jioni nabeba na guta. Maganda ya mayai na mifupa haviingii, nimewaeleza, wameelewa wala hawajashangaa.

Biwi liwe upana mita 1.5, urefu utakao, kimo mita 1.2 mpaka 1.5. Dogo kuliko hapo halihifadhi joto. Weka chini ya kivuli cha mti, chini kabisa tandaza vijiti na mabua manene hewa ipite, halafu tabaka la kavu, tabaka la bichi, kiganja cha udongo wa juu au mboji ya zamani, maji. Kavu ndoo mbili, bichi ndoo moja mpaka moja na nusu, hivyo hivyo mpaka juu. Kila kitu kikatwe kifupi, kiganja hakizidi. Kazi ya kukata ndo kazi kubwa kuliko zote hapa, sikudanganyi, mikono itauma, lakini biwi la mabua mazima unaweza kulikuta vile vile mwakani. Chomeka kijiti kirefu katikati, funika na makuti.

Siku ya nne ya tano vuta kile kijiti, kishike upande uliokuwa ndani. Kama unashindwa kukishika kwa joto, vizuri. Kikiwa vuguvugu na kikavu maji hayatoshi. Kikiwa baridi kimelowa na kinanuka, maji mengi au kijani kimezidi, fungua changanya na kavu. Unyevu unapimwa hivi, chota mkono mmoja kutoka ndani kabisa, kamua kwa nguvu, yatoke matone mawili matatu kati ya vidole. Ikichuruzika imezidi, isipotoka kitu mwagia. Kiangazi cha Tanga biwi linakunywa maji kuliko mtu, na masika usipolifunika mvua inaosha chakula chote.

Pindua baada ya wiki mbili au tatu, za nje ziende ndani. Pindua tena baada ya wiki tatu. Kwa joto letu miezi miwili na nusu mpaka mitatu imeiva, nyeusi, inapukutika, inanukia kama ardhi mvua ya kwanza ikidondoka, na huwezi kujua hili lilikuwa bua hili lilikuwa ganda. Tuta la mita 1 kwa mita 5 nalitandazia ndoo tano za lita 20, ni unene wa sentimita 2 hivi, kila msimu. Ya miche naichekecha, sehemu moja mboji, moja mchanga wa mto, mbili udongo wa juu, na miche inatoka vizuri tu bila samadi.

Kosa langu la mwaka ule wa kwanza nalisema ili usilirudie. Baada ya kuachana na samadi nilipata pumba za mpunga na unga wa mbao bure, nikafurahi nikavichimbia moja kwa moja kwenye tuta nikapanda mchicha. Wiki ya tatu mchicha wote njano, umedumaa kimo cha kidole, nikadhani ni ugonjwa. Kumbe vijidudu vinavyooza vitu vikavu vile vinahitaji naitrojeni na vinaichukua kwenye udongo kabla ya mmea. Vitu vikavu vipite kwenye biwi kwanza, au vikae juu kama matandazo. Chini usivichimbie kabla havijaoza.

Hatua ya nne, funika udongo

Udongo usiuache uchi. Jua la saa saba hapa linaunguza mpaka nyayo, vijidudu vya juu vinakufa. Tandaza nyasi, marejea iliyofyekwa, majani ya migomba, unene wa sentimita 5 mpaka 10, acha kiduara cha kiganja kuzunguka shina lisioze. Mchwa watakuja kiangazi, hilo halikwepeki, wanapenda kikavu. Mwagilia matandazo yawe na unyevu, na mimi huwaachia kirundo cha mabua makavu pembeni ya shamba, wanakwenda huko. Siwawekei sumu, wao ndo wanapasua udongo maji yaingie.

Makumbi ya nazi yana kazi yake. Waulize wauza madafu, wanashukuru ukiwaondolea. Chimba mfereji katikati ya mistari ya nyanya au mzunguko wa mgomba, panga makumbi, fukia. Yanashika maji kama sponji, na potasiamu inatoka taratibu kadiri yanavyooza, nyanya na ndizi zinaipenda.

Mwani pia, ule uliotupwa na maji ufukweni, sio wa kwenda kung'oa baharini. Ukung'ute kwanza pale pale, kuna kaa wadogo na konokono humo, warudi kwenye maji yao. Nyumbani utandaze mvua mbili tatu ziuoshe chumvi ndo uingie kwenye biwi. Kipindi hakuna mvua ulowekwe kwenye pipa, mwaga maji, rudia.

Mzunguko

Gawa shamba mara nne. Jamii ya kunde, halafu mboga za majani kama mchicha, mchunga na matembele, halafu zinazozaa matunda kama bamia, nyanya na bilinganya, halafu mahindi au mihogo na mukuna au fiwi chini yake, ndo unarudi kwenye kunde. Kitu kimoja tu ukishike, nyanya, bilinganya, pilipili, ngogwe, mnavu na viazi mbatata ni ukoo mmoja, usizifuatanishe, mnyauko unakaa ardhini unawasubiri hao hao.

Mbolea ya maji

Mmea ukiwa na njaa katikati ya msimu, katakata alizeti pori ujaze nusu ya pipa, maji mpaka juu, koroga kila siku. Siku 10 mpaka 14. Itanuka, weka mbali na dirisha la jirani. Kopo moja kwa makopo matatu ya maji safi, mwagia kwenye udongo jioni, sio kwenye majani ya kula.

Wadudu

Bustani yenye udongo uliolishwa vizuri inashambuliwa kidogo, hilo nimeliona kwa macho yangu, ila wadudu wapo tu. Mwarobaini Tanga umejaa kila mtaa. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Okota matunda ya njano yaliyodondoka, menya, osha, anika kivulini, twanga. Gramu 500 kwenye maji lita 10, lala nayo usiku, chuja na kitambaa, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaua ile dawa. Usitegemee wadudu wadondoke hapo hapo, wanachofanya ni kuacha kula na kushindwa kukua, kwa hiyo rudia kila wiki. Viwavijeshi kwenye mahindi, weka kidole kimoja cha mchanga uliochanganywa na majivu kwenye koo la mhindi ukiwa bado mdogo.

Watu wanachanganya sabuni ishike kwenye majani. Angalia sabuni yako. Baadhi ya sabuni zinatengenezwa kwa mafuta ya wanyama na kwenye karatasi huenda wasiandike wazi, mimi natumia ya mafuta ya nazi wanayopika akina mama hapa, kipande cha ukubwa wa kiberiti kwa ndoo.

Minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya, panda maua ya marigodi msimu mzima kwenye tuta lile kabla, kisha uzichanganye humo humo. Mstari mmoja pembeni hausaidii sana.

Ukitaka kuuza

Wateja wapo, tena wa aina nyingi. Mjini kuna familia za Kihindi ambazo hazigusi nyama vizazi na vizazi, kuna Wasabato, kuna marasta, kuna mama mwenye mtoto mdogo ambaye anataka tu mboga isiyopuliziwa. Nembo ya kilimo hai hapa kwetu ni Kilimohai, inasimamiwa na TOAM, chama cha kilimo hai Tanzania, na viwango vyake ni vya Afrika Mashariki tangu 2007. Wakulima wadogo mnaweza kujiunga kikundi mkakaguana wenyewe kwa utaratibu wao, inapunguza gharama. Lakini jua kwamba Kilimohai inaruhusu samadi, kwa hiyo hili la kutotumia wanyama mteja atalijua kwako, mkaribishe shamba aone biwi. Na ukinunua mbolea ya hai ya gunia, soma pembeni na uulize, nyingi ndani ni kuku, unga wa mifupa au samaki.

Mbegu za marejea

Shangazi, hili ni la kwako hasa, manake mbegu za marejea hazipatikani kila duka na mimi nitakupa kikombe kimoja tu cha kuanzia. Ukifyeka, acha mstari mmoja wa mwisho kule mpakani usiuguse. Maua yatageuka maganda ya kijani yamevimba kama yamejazwa upepo, yaache. Yatakuwa ya kahawia, na siku moja ukipita na upepo ukavuma utasikia yanalia, cha cha cha, kama kayamba. Hapo mbegu zimeachana na ganda ndani. Kata asubuhi na mapema umande ungalipo yasipasuke, weka kwenye turubai juani, piga na fimbo, pepeta. Tia kwenye chupa kavu ya maji ya lita moja na nusu pamoja na majani makavu ya mwarobaini, kaza kifuniko, andika mwezi, weka chini ya kitanda mpaka vuli.